Honi: imba kwanza, bonyeza baadaye

Honi, ile ala ya shaba ya kupuliza, sikuichagua. Siku bendi ya usharika wetu ilipogawa ala nilichelewa daladala, nikakuta tarumbeta zimeisha na trombone zimeisha, limebaki dude moja la duara ambalo kila mtu alilikwepa. Mwalimu akasema, "Hilo lako." Nilipofika nalo nyumbani mama akauliza limetolewa kwenye gari gani.

Leo mimi ndiye ninayefundisha, na vijana huniletea swali lilelile: "Mwalimu, nota hii naibonyezaje?" Huwa nawajibu: iimbe kwanza. Wananuna, lakini sina jibu lingine, maana kwenye honi vidole havitoi nota. Vidole vinachagua urefu wa bomba tu, halafu midomo ndiyo inayochagua nota ndani ya bomba hilo.

Jaribu mwenyewe. Usibonyeze chochote, uwe upande wa F (ule wa bomba refu, naueleza hapo chini), anza chini kabisa unapoweza kisha kaza midomo polepole. Utapata C, G, C ya kati, E, G, B flati iliyo chini kidogo, C, halafu D, E na kuendelea. Waliokulia kwaya wataitambua ngazi hiyo: do, so, do, mi, so. Angalia chini ilivyo na hatua pana, na juu nota zinavyobanana kama abiria. Ndiyo maana huko juu unaweza kuwa na vidole sahihi kabisa na bado ukatoa nota ya jirani. Aliyeisikia nota kichwani kabla ya kupuliza huipata. Anayeibahatisha hukwaruza, na kwa honi kanisa zima linageuka.

Kama umetoka kwenye tarumbeta, hapa kuna jambo litakalokushangaza. Skeli ya C kwenye tarumbeta (namba ni vali unazobonyeza, wazi ni bila kubonyeza) ni: wazi, 1-3, 1-2, 1, wazi, 1-2, 2, wazi. Kwenye honi upande wa F ni: wazi, 1, wazi, 1, wazi, 1-2, 2, wazi. Zinatofautiana kwenye D na E tu. Na ukisahau ukapiga D kwa 1-3, D inatoka! Sababu ni kwamba C ya kati kwenye tarumbeta ni ngazi ya pili ya bomba, kwenye honi ni ya nne (ya kwanza kabisa iko chini ya ile C tuliyoanzia). Honi inatembea juu zaidi kwenye ngazi zake, kwa hiyo nota moja ina njia mbili, tatu. Uhuru huo una gharama: lazima uchague.

Honi nyingi za sasa ni mbili ndani ya moja, F yenye bomba la karibu mita 3.7 na B flati fupi yenye karibu mita 2.75. Kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kinachobadilisha. (Kwenye baadhi ya honi gumba limefungwa kinyume: ukibonyeza unaingia F. Puliza ujue yako ikoje kabla hujalaumu chati.) Desturi ni kubaki F mpaka G ya mstari wa pili, kisha kuanzia G shapu, ambayo ndiyo A flati, kwenda juu unabonyeza gumba. A flati ni 2-3, A ni 1-2, B flati 1, B 2, C wazi, zote na gumba. Tena A flati na A zina vidole vilevile pande zote mbili, kwa hiyo hapo ndipo pa kuvukia bila mkono kuchanganyikiwa.

Lakini hiyo ni desturi, si amri. Kuna mstari wa alto ambao ulinitesa wiki mbili: A, G, A, G, haraka. Nilikuwa napiga A kwa gumba na 1-2, kisha G wazi upande wa F, vidole vitatu vinaruka kwa pamoja na kati ya nota unasikia kama mtu kajikwaa. Mzee mmoja wa bendi aliangalia mkono wangu akasema, "Acha gumba chini. Inua cha pili tu." Gumba na 1 inatoa G. Inashuka kidogo, unairekebisha kwa midomo au kwa kufungua mkono wa kulia kidogo ndani ya kengele, yaani ule mdomo mpana wa honi. Tangu siku hiyo, kwenye nota za haraka natafuta njia inayosogeza vidole vichache, na kwenye nota ndefu natafuta iliyo safi. E ya mstari wa kwanza, kwa mfano, ikiwa wazi kwenye F huwa chini kidogo. Wimbo ukikaa hapo kwa mapigo manne, jaribu gumba na 2 usikilize.

Sasa kusoma. Honi ya F ikisoma C inalia F, hatua tano chini ukihesabu zote mbili. Kwa hiyo F ya nafasi ya kwanza kwenye kitabu cha nyimbo, wewe unaipiga kama C ya nafasi ya tatu. Hapa solfa ni mali. Wimbo wa kii ya F, do yako ni C. Kii ya B flati, do ni F. E flati, do ni B flati. A flati, do ni E flati. G, do ni D. Tafuta do, halafu imba solfa uliyoizoea, vidole vitafuata.

Vitabu vya matarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, ambavyo bendi zetu nyingi zinavyo, vimeandikwa kwa sauti halisi, kwa hiyo hapo ni lazima upande hizo hatua tano. Na Wajerumani wana yao: B kwao ni B flati, B yetu wanaiita H, na Es ni E flati.

Es hiyo iliwahi kuniaibisha. Sikukuu moja ya Pasaka niligawiwa karatasi ya honi ya E flati, ile ndogo ya bendi za shaba. Nikaisoma kama yangu. Beti nzima nilikuwa toni moja juu ya wenzangu, na kwa nguvu, nikidhani wao ndio wamepotea. Karatasi ya E flati inashushwa toni moja: ukiona C piga B flati. Ya D, toni na nusu chini. Ya G, toni moja juu. Angalia kona ya kushoto juu kabla ya kitu chochote, na kwenye karatasi za kale usitafute shapu mwanzoni mwa mstari, huandikwa mbele ya nota yenyewe.

Ukikutana na ufunguo wa besi kwenye muziki wa zamani na nota ziko chini kiasi cha kutisha, huenda zimeandikwa kwa mtindo wa kale. Zipandishe oktavu moja.

Alama ya + juu ya nota maana yake ziba kengele kwa mkono, kabisa, hata hewa ipite kwa shida. Sauti inapanda nusu toni, kwa hiyo piga vidole vya nusu toni chini, upande wa F: C unaibonyeza kama B, yaani 2. Upande wa B flati inapanda zaidi ya nusu na haikai. Ukiona duara dogo, fungua.

Penseli iwe mfukoni. Andika vidole pale tu mkono ulipokosea mara mbili. Kijana mmoja aliandika juu ya kila nota ya ukurasa, na siku taa zilipofifia ibadani hakuona namba wala nota. Alinyamaza mpaka Amina.