Kupata mstari wa upeo kabla ya kugawa moldi ya faiba

Karakana yangu iko Kirumba, Mwanza, na kazi zinazoingia sana ni mitumbwi na maboya ya vizimba vya samaki. Umbo lenye tumbo halitoki kwenye moldi ya kipande kimoja, lazima ugawe. Pa kugawia ni kwenye mstari wa upeo, nao nauchora kwenye Rhino, programu ya kuchora maumbo kwenye kompyuta, kabla resini haijafunguliwa.

Mstari huu unapita pale ambapo uso wa umbo unaanza kukupa kisogo. Litazame Jiwe la Bismarck jioni, jua likishukia ziwani: mpaka kati ya mwanga na kivuli ndio huo. Kwenye moldi, mwanga huo ni mwelekeo utakaovuta kipande kitoke. Kwa hiyo amua kwanza utavuta kuelekea wapi, maana mwelekeo ukibadilika, mstari nao unahama.

Laza modeli ili mvuto, yaani mwelekeo huo wa kuvuta kipande, uwe wima. Bofya dirisha la Top, chagua umbo, andika Silhouette, kisha Enter. Mstari utakaa juu ya umbo lenyewe, ukipanda na kushuka nalo. Ukija vipande vipande, viunge kwa Join.

Vijana wanaojifunza kwangu nawasihi sana: msichore mstari huu mkiwa kwenye dirisha la Perspective. Programu inafuata jicho la dirisha ulilomo, na jicho lililo karibu halifiki kiunoni, penye upana mkubwa wa umbo. Chukua boya la duara lenye kipenyo cha milimita 600, kamera ikiwa juu yake, milimita 1000 kutoka kitovuni. Mstari utakaa milimita 90 juu ya kiuno, na nusu kipenyo chake kitakuwa kama milimita 286 badala ya 300. Ukigawa hapo, kipande cha chini kitakuwa kimekikumbatia kiuno, na boya halitoki bila kuvunja kitu. Resini ni ghali mno kupotea hivyo. Kwenye Top miono yote huenda sambamba, mstari unakaa kiunoni hasa.

Mtumbwi ambao mbavu zake zinarudi ndani karibu na ukingo una tabia yake. Katikati, mstari unakaa chini ya ukingo, penye upana mkubwa kuliko pote. Ukielekea omo, ambako mbavu zinafunguka kwenda nje, unapanda hadi kukutana na ukingo. Usiunyooshe kwa mkono upendeze. Umbo ndilo linalousema.

Ukuta uliosimama wima kabisa hauna mstari mmoja, kwani wote uko kwenye upeo. Hapo programu hutoa vipande visivyoeleweka au isitoe kitu. Ulaze ukuta nyuzi 2 au 3, moldi nayo itaachia vizuri zaidi.

Sasa gawa umbo kwa Split ukitumia mstari huo. Kwa flanji, yaani ukingo wa kufungia vipande kwa bolti, tumia Fin, uelekee nje kufuata wima wa uso, yaani mwelekeo unaochomoza kwenye uso kwa nyuzi 90. Kwenye mstari wa upeo wima huo daima unakatana na mvuto kwa nyuzi 90, kwa hiyo flanji inakaa sawa bila kupima. Mimi naipa milimita 60, bolti zipate nafasi.

Kabla ya kukata mbao, rudia Silhouette kutoka dirisha la Bottom. Mstari wa pili ukilala juu ya wa kwanza, kata. Ukipishana nao, angalia kama dirisha mojawapo limegeuzwa kuwa Perspective.