Kuunda garimoshi la S1 kwa kadibodi na vifuniko vya soda

Garimoshi hili lilijengwa moja tu. Kampuni ya reli ya Pennsylvania, Marekani, ililiunda katika karakana zake za Altoona kama jaribio: kichwa kimoja cha mvuke kivute treni ya abiria ya tani 1,000 kwa kilomita 160 kwa saa. Likaitwa S1, namba 6100. Mwaka 1949 lilikuwa limeshakatwa chuma chakavu, kwa hiyo hakuna jumba la makumbusho utakaloenda na futi yako. Sisi tunaolipenda tunafanya kazi kwa picha na namba.

Nimeshaunda matatu. La kwanza niliona aibu hata kulipiga picha. Makosa yake nitayataja tukiyafikia.

Vifaa

Kadibodi ngumu ya boksi, karatasi ya manila, bomba la ndani la tishu ya jikoni, yai moja, vifuniko 8 vya plastiki vya chupa za soda, vijiti vya mishikaki, mirija, gundi ya mbao, gundi ya unga wa ngano, msasa laini, wembe, mchanga kidogo, penseli mbili za mviringo. Vifuniko vyote vitoke kwenye soda ya aina moja, maana vikipishana hata milimita moja gari litachechemea.

Hatua ya 1: Kipimo

Tumia 1 kwa 72. Sababu ni vile vifuniko. Magurudumu makubwa ya S1 yalikuwa na kipenyo cha sentimita 213. Gawanya kwa 72 unapata karibu sentimita 3, na kifuniko cha soda ni hivyo hivyo. Garimoshi zima pamoja na tenda, yaani behewa lake la makaa na maji, lilikuwa na mita 42.7, kwa hiyo modeli itafika sentimita 59. Mimi nagawa 34 kwa kichwa na 25 kwa tenda. Pima rafu yako kabla hujakata chochote.

Hatua ya 2: Kitako

Kata kadibodi ya urefu wa sentimita 33, upana 3, tabaka tatu zilizogandishwa pamoja. Weka kitabu kizito juu usiku kucha ili isipinde.

Iache iwe kipande kimoja. Wengi wakiona magurudumu yamepangwa makundi mawili hudhani gari lilikuwa na kiungo katikati, wanalikata na kutia bawaba. Hapana. Fremu yake ilikuwa chuma kimoja cha kumimina, karibu mita 24 bila kiungo. Makundi mawili yalikuwepo kwa sababu nyingine: kila kundi lilikuwa na silinda zake, hivyo pistoni na fimbo zikawa nyepesi kuliko ambavyo zingekuwa kwa silinda mbili kubwa, na kwa mwendo kasi haziipondi reli vibaya. Gharama yake ni urefu. Gari lilishindwa kona nyingi za kampuni hiyohiyo iliyolijenga, likaishia kutumika kati ya Chicago na Crestline, Ohio, kwenye njia iliyonyooka.

Hatua ya 3: Magurudumu

Mpangilio ni 6-4-4-6: madogo sita mbele, makubwa manne, makubwa manne tena, madogo sita nyuma. Hayo ni ya pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja utaona matatu, mawili, mawili, matatu.

Usiyapange makubwa kwa nafasi sawa! Silinda za kundi la pili zinakaa mbele ya magurudumu yake, yaani katikati ya makundi, kwa hiyo pale pana pengo. Toka kitovu cha gurudumu kubwa la kwanza hadi la pili weka sentimita 3.2, kisha 4.8, kisha 3.2.

Gandisha vipande vinne vya mrija chini ya kitako, pitisha vijiti vya mishikaki ndani yake, chomeka vifuniko kila upande. Gundi iguse kijiti na kifuniko tu. Ikiingia kwenye mrija, ekseli imekufa. Yale madogo ni duara za kadibodi. Yatosha kuyagandisha yasizunguke, lakini yainue milimita mbili juu ya usawa wa makubwa. Utaona kwa nini.

Hatua ya 4: Mwili na pua

Bomba la tishu ndilo boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Mimina mchanga kiasi cha nusu, ziba ncha zote kwa kadibodi, ligandishe juu ya kitako. Kisha livike koti la manila linaloshuka pande zote na kuishia juu kidogo ya magurudumu, ili yaonekane.

Kazi ni pua. Umbo la S1 alilichora Raymond Loewy, mbunifu wa maumbo ya bidhaa na mashine, na kabla ya bati kukatwa, modeli za udongo zilipimwa kwenye njia ya upepo, yaani handaki linalopulizwa upepo kuona unavyopita juu ya umbo. Kwenye modeli yangu ya kwanza niliikunja pua kwa manila kama koni, ikatoka kofia ya siku ya kuzaliwa. Pua ya S1 imevimba, ina mviringo wa risasi. Nilihangaika wiki nzima mpaka asubuhi moja nikamenya yai.

Chukua yai bichi, paka mafuta kidogo, bandika vipande vidogo vya gazeti kwa gundi ya unga kwenye ncha nyembamba hadi nusu ya yai. Tabaka sita, kila moja ikauke kwanza. Ukivua unapata pua ambayo upana wake unakaribia sana ule wa bomba la tishu. Piga msasa, gandisha, kisha teremsha manila kutoka kidevuni hadi chini kabisa kwenye reli. Taa moja inakaa katikati ya pua. Yai unaweza kukaanga.

Hatua ya 5: Tenda na rangi

Tenda ni boksi refu lenye mgongo wa mviringo na magurudumu 16, nane kila upande. Sina zaidi la kusema hapo.

Rangi ni kijani kilichokolea mpaka kinafanana na cheusi: changanya cheusi na kijani kidogo, halafu chora mistari ya dhahabu kwa kalamu. Ukitaka sura ya maonyesho ya dunia ya New York ya 1939, andika "American Railroads" ubavuni mwa tenda, maana pale lilisimama kwa niaba ya reli zote za nchi.

Hatua ya 6: Liendeshe limesimama

Kwenye maonyesho hayo S1 iliwekwa juu ya rola, ikawashwa moto, magurudumu yakawa yanazunguka kwa mwendo wa kilomita 97 kwa saa na gari liko palepale. Tutafanya hivyo.

Tengeneza boksi lililo wazi juu, toboa kuta zake, pitisha penseli mbili kwa upana. Kila penseli ikae kati ya magurudumu mawili ya kundi moja, iyaguse yote mawili kwa chini. Ziunganishe nje kwa mpira wa kufungia noti. Zungusha penseli moja na vifuniko vyote vinane vitazunguka.

Langu la kwanza liligoma. Penseli zinazunguka, magurudumu yametulia. Kumbe uzito ulikuwa umelalia yale madogo. Nilicheka, kwa sababu S1 yenyewe iliugua ugonjwa huo: chini ya nusu ya uzito wa kichwa ilikuwa juu ya magurudumu ya kusukuma, nayo yakawa yanateleza. Ndiyo maana nikakwambia uyainue madogo na utie mchanga. Bado yakiteleza, ondoa rangi ya penseli kwa msasa.