Ganda la pointi twenti tuu limepasuka? Liangalie ganda kabla hujalaumu bunduki

Juzi mzee mmoja jirani yangu huku Muheza kaniita kwake, anasema bunduki yake ya pointi twenti tuu (.22, ile ndogo ya risasi nyembamba) imekwisha, kila akipiga inamtemea moshi usoni na mara nyingine inagoma kabisa. Ameshapanga kwenda mjini Tanga kutafuta fundi. Nikamwambia shikamoo babu, bunduki tuiache kwanza, nionyeshe maganda uliyopiga, vile vikopo vya brasi vinavyobaki risasi ikishatoka. Akanishangaa, maganda si takataka hayo! Bahati nzuri alikua nayo kumi na kitu kwenye kopo la maziwa, wajukuu wanayachezea.

Tukayashika moja moja kwenye mwanga wa dirishani. Manne yalikua na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia mdomoni unashuka na ubavu, pembeni pameungua rangi ya masizi. Hapo nikajua pa kuanzia.

Kwanza uelewe hii risasi ilivyo. Risasi za bunduki kubwa na za shotigani zina kile kidoti katikati ya kitako, hizi ndogo hazina, dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako. Pini inagonga ukingo, unabonyea, dawa inalipuka, baruti inashika moto. Mtindo ni wa zamani sana, Smith & Wesson wa Marekani walitoa ile fupi yake 1857 na hii ndefu tunayotumia wengi ni ya 1887. Sasa ili ukingo ubonyee lazima brasi ya ganda iwe nyembamba, na wembamba huohuo ndo unaoleta shida, maana ndani mgandamizo unafika kama paundi 24,000 kwa inchi ya mraba, tairi la gari dogo lina thelathini na kitu tu. Ganda linatakiwa livimbe libane kuta za chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, gesi isirudi nyuma. Likiwa na ufa gesi inarudi kwako, ndo ule moshi wa babu. Kwahiyo miwani vaa, hata kama unaona ni mambo ya kizungu.

Ufa unasoma hivi. Ukiwa mdomoni au ubavuni, mara nyingi brasi imekua ngumu, haivimbi tena inachanika. Ikitokea moja kwenye boksi zima la hamsini hiyo ni kawaida ya risasi za bei rahisi, zikiwa nyingi tenga boksi lote. Ila ganda likipasuka huku nyuma, ukingoni au karibu na kitako, ACHA KUPIGA siku hiyohiyo. Hapo boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, haifungi sawasawa au nafasi kati ya boliti na chemba imelegea, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali, sio ya kujaribia uani na tupa.

Alafu kuna ufa unaokuta risasi haijapigwa bado, iko kwenye boksi imetulia. Huu ndo ulinifundisha adabu. Miaka ya nyuma risasi zangu nilikua nazifungia kwenye sanduku la chuma, kufuli juu, kila kitu kisheria, ila sanduku lenyewe liko stoo, ukuta mmoja na banda la kuku, na pembeni nimepanga mifuko ya urea. Baada ya masika mbili nafungua naona brasi imebadilika rangi, nyingine zina mistari ya ufa shingoni, nikalaumu aliyeniuzia wee! Kumbe ni amonia. Ile harufu inayokuchoma pua bandani asubuhi ndo inayokula brasi iliyokandamizwa kiwandani, hasa kukiwa na unyevu. Jeshi la Waingereza kule India lilipata hasara hiyohiyo, risasi zimewekwa jirani na mazizi ya farasi, mvua zikija maganda yanapasuka yenyewe, na wataalamu wakaja kueleza vizuri mwaka 1921 kwamba mchawi ni amonia. Zile za pointi sevintini (.17, zenye kichwa chembamba zaidi) zilizotoka 2002 ndo uzichunguze zaidi, maana ganda lake ni la twenti tuu magnamu, ile yenye nguvu zaidi, limebanwa shingo, na brasi iliyobanwa hivyo inapasuka kirahisi.

Nikamuuliza babu anaweka wapi za kwake. Banda la mbuzi liko nyuma ya ukuta. Tukacheka.

Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, zitoe stoo, zipeleke chumba kikavu ndani kwa ndani, kwenye kopo lenye mfuniko wa mpira, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kopo liingie kwenye sanduku la kufuli. Usizipake oili wala kupulizia dawa ya kulegeza nati, inapenya mpaka kwenye dawa ya kuwashia na risasi inakufa. Zile zenye nta juu usiziweke mfukoni kwenye mchanga, nta inabeba mchanga mpaka ndani ya chemba.

Ya kugoma sasa. Ukivuta trigga ikalia "tki" tu, usifungue boliti. Mtutu uelekee kule salama, hesabu taratibu mpaka thelathini, kuna risasi zinachelewa. Ndo ufungue, uangalie alama ya pini ukingoni. Alama ikiwa hafifu, kosa ni la bunduki, spring imechoka, pini imeisha au njia yake imejaa grisi na masizi. Alama ikiwa nzito na bado haijawaka basi dawa haikuenea mzunguko mzima. Wapo wanaoigeuza nusu duara wanapiga tena, mara nyingi inakubali, mimi kwa risasi isiyo na ufa sioni ubaya.

Ila ikilia "pufu" kinyonge, hiyo usiichukulie poa hata kidogo. Toa kila kitu, hakikisha chemba tupu, pitisha ufito wa kusafishia mtutu mzima, maana kichwa cha risasi kinaweza kua kimekwama humo na ukipiga nyingine juu yake mtutu unavimba au unapasuka.

Chemba safisha kwa brashi, usiishie kwenye mtutu. Hasa ukipenda kupiga zile fupi kwenye bunduki ya ndefu, zinaacha pete ya masizi mbele, siku ukirudi kwenye ndefu ganda linakwama humo na kutoka ni shida. Na usizoee kuvuta trigga bila risasi kwenye bunduki za zamani, pini inagonga kingo za chemba inatengeneza jino.

Ya babu tulisafisha chemba, tukafungua boksi lingine alilonunua mwezi uliopita na halijawahi kukaa jirani na mbuzi, tukaenda shambani akapiga kumi kwenye kopo mbele ya kichuguu. Zote zikaita, maganda mazima. Risasi za zamani ambazo hazijapigwa na zina ufa tukazihesabu, ni ishirini na tatu, akazifunga pamoja na leseni yake kuzipeleka polisi wazipokee wao, maana kuzichoma au kuzitupa chooni ni kutafuta balaa. Nauli ya Tanga kanunulia bibi sukari.