Flashi ya kuokolea kompyuta, ijaribu mapema

Wenye steshenari na ofisi ndogo hapa Mwanza, kukopi mafolda peke yake hakutoshi jamani. Diski ya kompyuta yangu pale Nyegezi ilikufa asubuhi wateja wameshapanga foleni na vyeti vyao vya kutoa kopi, faili nilikuwa nazo ila Windows, draiva za printa, programu ya mauzo, vyote nikaanza upya, siku mbili zikaenda hivihivi.

Sasa hivi natunza picha ya diski nzima, yaani nakala kamili yenye Windows, programu na faili zote, kwenye hadidiski ya nje. Natumia programu ya Rescuezilla, ya bure, ina vitufe vya kubonyeza na mausi. Clonezilla nayo ni nzuri sana ila ni menyu za maandishi, ukichagua diski siyo unafuta yenye kazi zako, kwa hiyo soma ukubwa wa diski kabla ya kubonyeza. Macrium ya bure iliyozoeleka kwa kazi hii usiitegemee, iliachwa kuhudumiwa tangu 2024.

Unashusha faili ya ISO (faili moja yenye Rescuezilla nzima), unaichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus (flashi inafutwa yote, toa vitu vyako kwanza), halafu zima kompyuta, washa huku unagonga F12 kwa kompyuta nyingi, kwa HP ni F9, uchague flashi. Hapa ndo wengi wanaruka: hakikisha inawaka kweli na inaiona hadidiski ya nje uliyoweka picha. Na diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, itagoma kurudisha. Mimi hadidiski nailaza nyumbani, dukani hailali.