Somo: Kutafuta faji kwenye maji taka, na kuikagua kwenye kompyuta

Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria. Félix d'Hérelle aliziita bakteriofaji mwaka 1917, na kule Tbilisi, Georgia, madaktari wanatibu nazo hadi leo. Kwa usugu wa dawa tulio nao, natamani wanafunzi wengi zaidi waijue kazi hii. Anzeni na bakteria E. koli wasio na madhara, kama aina ya maabara iitwayo K-12. Bakteria wa wagonjwa ni wa maabara zenye kibali.

1. Chota mililita 50 za maji taka ukiwa umevaa glavu. Yaache yatuame, yazungushe kwenye sentrifuji, kisha yapitishe kwenye chujio la mikromita 0.22. Bakteria watakwama, faji zitapita.

2. Yachanganye na supu ya lishe yenye bakteria wanaokua vizuri. Weka nyuzi 37 usiku kucha, kisha chuja tena.

3. Andaa sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya asilimia 1.5. Juu yake mimina agari laini ya asilimia 0.6 iliyochanganywa na bakteria na mililita 0.1 ya ulichochuja. Agari laini iwe nyuzi 45 hivi. Niliwahi kuimimina ikiwa moto mno, bakteria wakafa wote, nami nikashangilia sahani iliyotakata. Tangu hapo sikosi sahani ya ulinganisho yenye bakteria peke yao.

4. Kesho yake utaona madoa angavu, mahali faji zilipoua bakteria. Zimua ulichochuja mara kumi kumi, ukimimina sahani kwa kila hatua, hadi upate sahani yenye madoa 30 hadi 300. Ukihesabu 52 baada ya kuzimua mara milioni moja, una faji milioni 520 kwa mililita, kwa kuwa ulitia mililita 0.1 tu.

5. Chomoa doa moja, otesha upya. Fanya hivyo mara tatu ili ubaki na faji ya aina moja.

6. Hapa ndipo wengi hukata kona, nami nawasihi msikate. Doa angavu linaonyesha kwamba faji inaua, lakini halikuambii imebeba nini. Sumu ya kipindupindu inatokana na jeni zilizoletwa ndani ya bakteria na faji iitwayo CTX. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1996. Kwa hiyo soma jenomu yote (herufi zote za DNA ya faji), ipitishe kwenye Pharokka, programu inayotambua jeni za faji, utafute mambo matatu: jeni ya integrasi, inayoiwezesha faji kujipachika kwenye jenomu ya bakteria ikatulia humo, jeni za sumu, na jeni za usugu wa dawa. Hizi mbili za mwisho Pharokka huzilinganisha na hifadhidata za VFDB (ya sumu) na CARD (ya usugu). Ikionekana hata moja kati ya hizo tatu, faji hiyo haifai kwa tiba.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, madoa yangu yana ukungu katikati. Nimekosea?
Huenda hujakosea. Mara nyingi ukungu huo ni bakteria waliopachikwa faji, na sasa wamekingwa nayo. Angalia integrasi kwanza.

Laptop yangu ni ya kawaida tu. Itaweza?
Itaweza, dada. Jenomu ya faji T7 ina herufi 40,000 hivi, ya E. koli K-12 ina milioni 4.6. Shida huwa kupakua hifadhidata, basi fanya hivyo mahali penye intaneti nzuri.

Shikamoo mwalimu. Kuku wangu wanaharisha, naweza kuwapa nilichochuja?
Marahaba. Usiwape, mwanangu. Humo mna vipande vya kuta za bakteria waliopasuka, navyo ni sumu ikiingia kwenye damu. Mgonjwa mmoja, Tom Patterson, alipotibiwa kwa faji San Diego mwaka 2016, zilisafishwa kwanza, na kibali cha dharura kikaombwa. Tena hujui kama faji yako ya K-12 inamgusa huyo bakteria wa kuku. Mwite daktari wa mifugo leo.