Jinsi ya kujua kama bakteria wa mizizi wanakutengenezea naitrojeni au wapo wapo tu

Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, na bado mahindi yanageuka njano kwa kukosa hiyo hiyo naitrojeni, manake mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Viwandani wanatumia joto la nyuzi zaidi ya 400 na presha kubwa sana kuibadilisha, bakteria wa udongo wanaifanya kazi hiyo kwenye joto la kawaida kabisa. Ila wako wa aina nyingi na uwezo wao haulingani, hapo ndo wengi wanachanganya.

Wale wanaojitegemea kwenye udongo, kina Azotobacter, usiwategemee wakulishie shamba zima. Kazi yenyewe inakula nguvu nyingi na chakula wanajitafutia kwenye mabaki yanayooza, kwahiyo wanachokuachia kwa mwaka mara nyingi ni kilo chache tu kwa hekta. Azospirillum wanaokaa kwenye mizizi ya mahindi na nyasi, faida yao kubwa mara nyingi ni kuchangamsha mizizi kuliko naitrojeni yenyewe. Ukiuziwa chupa ukaambiwa mahindi hayatahitaji mbolea tena, mi ningeshika hela yangu kwanza. Kwa hawa acha tu mabaki ya mazao shambani usichome, inatosha.

Wenye kazi ya maana ni rhizobia, wanaoingia kwenye mizizi ya jamii ya kunde na kujenga vinundu, mmea unawapa sukari wao wanaupa naitrojeni. Kunde na karanga hazichagui sana, mara nyingi bakteria waliopo wanazitosha. Soya ndo inachagua, kama haijawahi kulimwa hapo paka mbegu chanjo ya bakteria wake, yaani unga wenye bakteria hai. Lowesha mbegu kwa maji yenye sukari kidogo ili unga ushike, changanya taratibu ngozi ya mbegu isichubuke, fanyia kivulini maana jua linawaua, halafu panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu yenye dawa ya ukungu angalia vizuri, dawa nyingine zinaua na bakteria.

Na usimwage yurea! Mmea ukikuta naitrojeni ya bure kwenye udongo hauhangaiki kulisha bakteria, vinundu vinakuwa vichache. Wanachohitaji ni fosforasi, na udongo usiwe na tindikali kali, ukipima pH ukakuta chini ya 5 weka chokaa ya kilimo kabla ya msimu.

Sasa kukagua, na hapa usiwe na haraka. Subiri maua yaanze, chagua mimea kadhaa sehemu tofauti za shamba. Usiing'oe kwa kuvuta, vinundu vitakatikia chini halafu useme havipo, chimba kwa koleo ukiacha nafasi kuzunguka shina, nyanyua na bonge lake la udongo, lichovye kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ulainike uachie wenyewe. Ukiona vivimbe visugue kwa kidole, kinundu kinabanduka kirahisi, kikiwa ni mzizi wenyewe umevimba na haubanduki hao ni minyoo fundo, vijiminyoo vinavyoshambulia mizizi, tatizo lingine kabisa.

Pasua vinundu kadhaa kwa kucha. Ndani pakiwa pinki au pekundu wanapiga kazi, rangi hiyo ni leghemoglobini, ndugu yake hemoglobini ya damu, inashika oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya kinachobadilisha naitrojeni. Peupe ni vichanga bado au bakteria wasio na faida, kijani au kahawia vimezeeka. Vikubwa vichache vyekundu karibu na mzizi mkuu ni bora kuliko vidogo vyeupe vimejaa kila mahali. Vikiwa vyeupe vyote na majani ya chini yanapauka, msimu huo okoa zao kwa mbolea kidogo, msimu ujao badilisha chanjo.

Ukivuna kumbuka naitrojeni nyingi inaondoka na punje, iliyobaki sehemu kubwa iko kwenye majani na mashina, kwahiyo ukiyabeba yote kulisha mifugo rudisha samadi shambani, la sivyo mahindi yanayofuata yatapata kidogo sana.