Somo: Kukutanisha ukoo kambini Kolo, Kondoa

Mwezi Juni tulilala Kolo siku mbili, watu 32 wa vizazi vinne. Mdogo kuliko wote alikuwa na miezi 8. Mkubwa kuliko wote ni bibi yetu mzaa baba, ambaye amevuka miaka 80 na magoti yanamsumbua. Kabla ya hapo tulikuwa tunakutana misibani tu. Unamkuta binamu yako kwenye matanga, mnaulizana mmejaaliwa watoto wangapi, kesho yake kila mtu amepanda basi lake.

Nawaandikia wenye ukoo uliotawanyika kama wetu. Hatua ni nyingi, ila zote zimetoka kwenye uamuzi mmoja: kila kitu tulikipima kwa mwendo wa Bibi. Anachoweza yeye, wengine wote wanakiweza.

Hatua ya 1: Mahali na msimu

Sisi tuko Dar, Dodoma na Arusha. Kolo iko kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, kama kilomita 180 kutoka Dodoma, ukishaipita Kondoa mjini. Ni lami mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo Coaster inafika bila shida. Ndugu wa Dar walipanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, wakalala kwa shangazi, asubuhi tukaondoka pamoja. Wa Arusha walipitia Babati na gari lao la Noah, tukakutana Kolo. Na zaidi ya umbali, Kolo ndiko alikozaliwa marehemu babu. Ukipata mahali penye mizizi yenu, pachukue hata kama kuna pazuri zaidi.

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo usithubutu kupiga hema karibu na korongo, maana mto wa mchanga uliolala mkavu mchana unaweza kushuka na maji usiku kutoka mvua iliyonyesha mbali. Juni shule zimefungwa na ardhi imekauka. Gharama yake ni baridi na upepo.

Hatua ya 2: Ruhusa

Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, kwa sababu ya michoro ya miambani. Hapo ndipo unapojiandikisha, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji na kuelekezwa pa kupiga mahema. Nenda pia kwa mtendaji wa kijiji, umweleze mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Baba mdogo alitangulia wiki mbili kabla kwa kazi hiyo tu. Tulipofika, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anatujua, na kuni tulinunua kwa watu wake badala ya kukata mti wa mtu.

Hatua ya 3: Michango

Mmoja apokee pesa kwenye simu, mwingine aandike, na kila Ijumaa orodha itumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wazee wanne hatukuwadai. Watoto 11 hawakudaiwa. Tulibaki watu 17, kila mmoja alipangiwa 90,000 kwa miezi mitatu, jumla 1,530,000. Zilizopatikana zilitosha usafiri wa Coaster na pikapu, mahema ya kukodi, mbuzi wawili na vyakula. Viingilio kila familia ilijilipia.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hasa ndugu wanaotoka Pwani. Katikati ya nchi maji hayakusubiri ufike. Tulihesabu lita 10 kwa mtu kwa siku: 3 za kunywa, nyingine za kupikia, kunawa, kutia udhu na kuosha vyombo. Kwa siku mbili ni lita 20, yaani dumu moja kwa kila kichwa. Watu 32, madumu 32. Kichanga na Bibi wakawa na madumu yao yenye alama ya kitambaa chekundu, hayaguswi na mtu mwingine.

Madumu 32 yaliyojaa ni kilo 640. Usiyapandishe juu ya Coaster. Sisi tulichukua pikapu ya mizigo, na madumu mengi tulikwenda nayo matupu hadi Kondoa mjini, tukayajaza kwa ndugu.

Hatua ya 5: Mahema uyasimamishe nyumbani kwanza

Mahema tulikodi Dodoma, tukahesabu mifuko, tukapakia. Kolo, jua limeshakaa juu ya vilima, tukafungua mfuko wa hema kubwa kuliko yote, lile la akina mama na watoto. Fito zilikuwa za hema lingine. Zilikuwa fupi kwa mkono mzima, na vigingi vilikuwa vitano. Shangazi akakaa juu ya ndoo, mtoto mgongoni, anatutazama tunavyohangaika na tochi za simu mdomoni. Mwishowe vijana walifunga kamba kati ya miti miwili, wakatupia turubai la pikapu juu yake, wakakandamiza pembeni kwa mawe. Watu tisa wakalala humo, upepo ukipiga turubai usiku kucha.

Basi fanya hivi: wiki moja kabla, simamisha kila hema uwanjani, ingia ndani, lala chini, kagua zipu. Hesabu vigingi kwa mkono wako. Andika namba kwenye hema na namba ileile kwenye mfuko wa fito. Ni kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 6: Barabarani

Bibi ana presha na anameza dawa inayomwongezea mkojo. Kwa hiyo tulisimama kila baada ya saa moja na robo, hata kama hakuna aliyeomba. Mtu mzima anaona haya kusimamisha gari lenye wajukuu 20. Usimngoje aseme. Tulibeba ndoo yenye kifuniko, khanga mbili na kamba. Kati ya vichaka viwili unapata msalani wa heshima kwa dakika tatu.

Tuliondoka Dodoma saa 1 asubuhi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato, na njia ndiyo hiyohiyo, kwa hiyo mbuzi wawili tuliwanunua hapo wakiwa hai. Dereva tulimwambia mapema: kwenye makazi ni 50, hatutaki tochi ya trafiki wala hatutaki kumgonga mtoto wa mtu. Kila gari liwe na pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto na tairi la akiba lenye upepo. Lipimwe upepo mbele yako.

Tulifika saa 8 mchana. Panga ufike kabla ya saa 9, kwa sababu saa 12 na nusu jioni giza linaingia ghafla.

Hatua ya 7: Kambi

Moto mmoja tu. Safisha majani hatua tatu kuuzunguka, weka dumu la maji na rundo la mchanga pembeni, na apangwe kijana wa kuulinda hadi uzimwe. Juni nyasi zimekauka kama karatasi na upepo haupumziki. Choo cha shimo kiwe mbali na mahema na mbali kabisa na mto, na kila mtu arudishie udongo. Viatu vikung'utwe asubuhi, nge hupenda joto lake. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje wala usinyonye jeraha. Alazwe, kiungo kisitikiswe, gari liondoke moja kwa moja kwenda hospitali Kondoa mjini. Kwa hiyo gari moja lisizibwe na mengine usiku, na ufunguo wake ujulikane ulipo.

Hatua ya 8: Michoro

Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Iko mingi, imetawanyika vilimani. Sisi tulikwenda ile ya Mungomi wa Kolo. Gari linakufikisha chini, halafu unapanda kwa miguu, na kuna sehemu ni mwinuko mkali. Ukutani kuna twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyotuna kama wamesuka, wote kwa rangi nyekundu ya udongo. Waambie watoto kabla hawajafika: hakuna kugusa, na hakuna kumwagia maji ili rangi iwake kwenye picha. Maji yameshaharibu michoro mingi. Watu wa pale bado hufanya matambiko mahali hapo, kwa hiyo ingieni kwa adabu kama mnavyoingia nyumbani kwa mtu.

Bibi hakupanda. Tulimwekea kiti cha plastiki kwenye kivuli, mjukuu mmoja akabaki naye. Watoto waliporudi wakaanza kumweleza kila mmoja kwa sauti yake, naye akawajibu kwamba hapo chini ndipo walipokuwa wanachungia. Akasimulia mwaka 1979, mifugo yote ilipoondolewa ili ardhi iliyoliwa na mmomonyoko ipone, mpango ule wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Ng'ombe wa babu walipelekwa kwa shemeji yake huko chini tambarare. Babu alikuwa anatembea siku nzima kwenda kuwaona. Baba yangu ana miaka 58 na hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Ndipo nikaelewa kwamba kiti kile cha plastiki kilikuwa mzigo wa maana kuliko yote tuliyopakia.

Hatua ya 9: Usiku wa majina

Nunua daftari kubwa la kaunta na kalamu tatu. Baada ya chakula, kabla vijana hawajawasha muziki, mzee akae karibu na moto amegeuzia upepo mgongo, na mtoto mwenye mwandiko mzuri akae miguuni pake. Mtoto aulize, mzee ajibu, wengine wanyamaze. Kwetu mwandishi alikuwa binti wa miaka 11. Aliuliza, "Bibi, ulizaa watoto wangapi?" Sisi sote tulijua sita. Bibi akasema tisa, akawataja wale watatu kwa majina, na mmoja alikaa siku nne tu. Binti akauliza jina lake linaandikwaje, kwa R au kwa L. Bibi akalitamka tena polepole.

Daftari lile lina kurasa 14 sasa. Piga picha kila ukurasa usiku uleule, uzitume kwenye kundi mkifika penye mtandao.

Maswali ya wasomaji

Kutoka Singida: *Dada, hongera kwa somo. Nina pacha wa mwaka mmoja. Hilo baridi la Juni wataliweza?*

Asante dada. Wataliweza ukijiandaa. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi, na vilimani upepo unaongeza makali. Baridi kali linatoka chini, siyo juu. Tandika mkeka, juu yake godoro, ndiyo shuka na blanketi. Kofia na soksi usiku. Na usiingize jiko la mkaa ndani ya hema hata dakika tano, hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Kutoka Morogoro: *Ndugu asiyechanga mnamfanyaje? Kwetu hilo ndilo linalovunja mipango.*

Mweka hazina ampigie yeye mwenyewe, asitajwe kwenye kundi. Kwetu wawili hawakuwa na kitu. Mmoja alileta kuku watatu na gunia la mkaa, mwingine akapika siku zote mbili. Tuliandika kwenye orodha "amechanga", basi.

Kutoka Iringa: *Shikamoo. Sisi tuko Iringa na Dodoma. Tunafikiria Bwawa la Mtera kwa kuwa liko katikati. Unaonaje?*

Marahaba. Ni pazuri na samaki wapo. Lakini mle kuna mamba na viboko, na kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi. Mahema yakae juu kabisa, mbali na ukingo na mbali na njia zao. Watoto wasioge bwawani na wasichote maji peke yao. Ulizeni wavuvi wa pale, wao wanajua pa kulala. Ningekuwa na watoto 11 kama wetu, ningelala kwenye nyumba ya wageni na kwenda bwawani mchana.

Kutoka Dodoma mjini: *Chakula mlipanga vipi? Na mbuzi hai kwenye gari si usumbufu?*

Walikaa kwenye pikapu, wamefungwa kivulini, wakanyweshwa njiani. Bila friji, mbuzi hai ndiye nyama isiyoharibika. Siku ya kwanza tulikula ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, maana Bibi anapenda na kupika hakuchukui muda. Mchele, maharage yaliyochemshwa nyumbani na chai ya tangawizi vilimaliza kazi. Ukienda Agosti au Septemba, zabibu za Dodoma zinakuwa zimeiva, pitia tenga moja kwa ajili ya watoto.

Kutoka Manyoni: *Samahani kwa kuuliza. Sisi tuna wazee wawili hawaongei kwa sababu ya shamba. Tukiwakutanisha porini si tutawasha moto mwingine?*

Usiombe samahani, na sisi tulikuwa nao. Baba mkubwa na baba mdogo, mwaka wa nne huo. Hatukuitisha kikao, na tulikubaliana wote kwamba neno shamba halitatajwa Kolo. Bibi ndiye aliyegawa kazi, akawapa wao wawili mbuzi wa siku ya pili. Baba mdogo akashika miguu, baba mkubwa akasoma bismillahi na kuchinja. Kisha wakamtundika kwenye mti, wakawa wanachuna, mmoja kulia, mwingine kushoto. Karibu nusu saa walikuwa wanasemezana tu, "vuta hapo", "nipe kisu kile kidogo", "angalia usitoboe ngozi". Shamba halijamalizika hadi leo. Ila asubuhi ya kuondoka nilimkuta baba mdogo amepiga magoti, anamkunjia kaka yake hema.